Pumzi za Ghalia

Siku Ghalia alipokutana na Mehrez, Soko Kuu la Tunis lilifurika watu waliojiandaa kwa Ramadhani. Ghalia, mwalimu wa muziki aliyevaa koti la kijani, alibanwa na kifua mbele ya meza ya zeituni. Akatoa inhela, akavuta. Mwenye meza, kijana mrefu mwenye aproni iliyolowa maji ya chumvi, alimsukumia kiti chake. Alipoona rangi imemrudi usoni, ndipo akauliza:

"Ni zeituni zangu au ni sura yangu?"

"Ni pumu. Ila sura nayo haisaidii."

Mehrez alicheka mpaka majirani wakageuka. Ghalia akaondoka na nusu kilo ya zeituni ambazo hakuzihitaji, na wiki iliyofuata akarudi kununua nyingine.

Kufikia majira ya joto walikuwa wakipigiana simu kila jioni. Mehrez alimwita "mwalimu", naye akaitwa "bwana chumvi". Jambo moja tu lilimkera Mehrez: kila mwezi Ghalia alipotea siku tatu, nne. Simu hapokei, au anatuma ujumbe kwamba amechoka. Hakumwambia kwamba siku hizo, kabla tu ya hedhi, pumu ilimkaba hata akalala ameketi. Angeanzaje kumweleza mwanamume habari za siku zake? Isitoshe, daktari aliyemwendea zamani alimwambia ni wasiwasi tu.

Kisha mama yake Mehrez, Bi Zohra, akataka kwenda kumwona mkwe mtarajiwa. Ghalia aliahirisha mara mbili, maana kila tarehe iliangukia siku zake mbaya. Mara ya pili Mehrez akapiga simu.

"Ghalia, mama ameshanunua keki tamu za baklawa mara mbili. Kama hunitaki, sema. Mimi si mtoto."

Ghalia alifungua kinywa, pumzi haikutosha hata neno moja. Mehrez akasikiliza ukimya ule, kisha akakata simu.

Wiki mbili zikapita bila salamu. Ghalia akaenda kwa daktari mwingine, mwanamke, ambaye alimwuliza anabanwa lini hasa, akahesabu naye tarehe. Akamweleza kwamba homoni hupanda na kushuka mwezi mzima, na kwa baadhi ya wanawake mabadiliko ya kabla ya hedhi huzidisha pumu. Haukuwa wasiwasi. Akampangia dawa ya kinga, na namna ya kujihadhari siku mbaya zikikaribia.

Ghalia alitoka pale akaenda moja kwa moja sokoni.

"Siku ile sikukunyamazia," alimwambia Mehrez. "Nilikosa pumzi. Huwa hivyo kila mwezi kabla ya siku zangu. Hedhi, Mehrez. Usiniangalie hivyo, una dada watatu."

Muuza samaki wa jirani aliacha kupara. Mehrez, aliyekuwa amekonda, aliweka upawa chini.

"Kwa hiyo ulikuwa unakabwa, na mimi nikakukatia simu."

"Ndiyo."

"Nisamehe, roho yangu. Nilidhani kuna mwingine. Nilishamchukia, hata jina nilimpa."

"Jina gani?"

"Ridha. Anauza miwani."

Ghalia alicheka mpaka akalazimika kukaa.

Bi Zohra alikuja Jumapili, uso ameukaza. Alimwacha Mehrez sebuleni na baba yake Ghalia, akamfuata binti jikoni, akataka maelezo ya kuahirishwa kule kutoka kinywani mwake. Ghalia akamweleza yote bila kuficha. Mama yule akafunga mlango, akavuta kiti. Akakiri kwamba tangu hedhi yake ikome, miaka miwili sasa, kifua kinapiga filimbi akipanda ngazi, na hajamwambia mtu kwa kudhani ni uzee. Ghalia akamwambia kwamba hata ukomo wa hedhi hubadilisha homoni, na kuna wanaoanza pumu umri huo; afadhali apimwe.

Walipotoka, kahawa ya wanaume ilikuwa imepoa. Mehrez alisimama.

"Mama, mmekubaliana?"

"Tumekubaliana. Kesho ananipeleka kwa daktari wake."

"Na mimi je?"

"Wewe muulize mwenyewe. Nilikuzaa na mdomo."

Mehrez akamwuliza Ghalia palepale, mbele ya wazee, kama atakubali kuolewa naye. Ghalia alivuta pumzi ndefu, ikaingia yote, akajibu ndiyo.