Jumamosi Tatu za Zita

Kila asubuhi, kabla jua halijatoka, Zita alikuwa ameshateka maji, ameshawafungulia mbuzi na ameshawasha moto wa uji. Alikuwa darasa la sita kijijini Gendabi, na mtu yeyote pale angekuambia kwamba mtoto huyo si mvivu. Mama yake, Kornelia, alizoea kumtania kwamba akikosa kazi nyumbani atafagia barabara mpaka mjini Katesh.

Tena Zita alijua kuandika. Insha yake kuhusu mavuno ya ngano ilisomwa mbele ya shule nzima, na tangu siku hiyo alitembea amenyoosha shingo kidogo, tusifiche.

Ndiyo maana siku moja, mwezi wa saba, jirani yao alikuja kumtafuta. Alikuwa mama mzee wa Kibarbaig, mfugaji, ambaye watu wazima walimwita Mama Gidahosh. Mwanawe wa pekee, Gidahosh, aliendesha kombaini, mashine ya kuvunia, katika shamba la serikali la ngano, mbali kule tambarare. Ilikuwa inakaribia mwaka hajaonekana nyumbani.

"Shikamoo, bibi," alisema Zita.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nataka uniandikie barua. Gidahosh anajua kusoma, lakini mimi sijui kuandika. Mwambie macho yangu yanaondoka. Aje nimwone wakati bado naona."

Macho ya bibi yalikuwa mekundu na yalitoa machozi hata akiwa kivulini. Vikope, ugonjwa wa kope kugeukia ndani ya jicho, vilikuwa vimemsumbua kwa miaka mingi. Zita alimwonea huruma sana.

"Nitaandika, bibi. Jumamosi itaondoka na lori."

Kila Jumamosi saa sita mchana, lori la shamba lilisimama dukani kwa Mzee Nikolausi kuchukua vibarua. Dereva wake, Alfredi, alibeba barua za watu bila kinyongo. Kesho yake asubuhi bibi alileta kibuyu cha maziwa kumshukuru Zita, ingawa barua yenyewe ilikuwa haijaanzwa.

Zita alikaa na daftari. Aliandika, "Mpendwa Gidahosh, natumaini hujambo." Kisha akakwama. Utamwambiaje mtu kwamba mama yake anapofuka? Alitaka barua iwe nzuri kupita ile insha. Akaichana karatasi. Akaona penseli ni butu, akaichonga. Akaona uwanja una majani, akaufagia. Akafua sare, akawaangalia kuku kama wana viroboto, akaichonga penseli tena. Jumamosi hiyo lori lilipopita, Zita alikuwa na uwanja safi, sare safi na kuku safi, lakini barua hakuna.

"Imekwenda?" bibi aliuliza jioni.

Zita aliitikia kwa kichwa. Alijiambia kwamba huo haukuwa uongo hasa, kwa kuwa Jumamosi ijayo ingekuwa kweli.

Jumamosi ya pili ilipita vilevile. Kila siku aliahidi kuandika kesho, na kila akiahidi moyo ulitulia kidogo, mpaka kesho yenyewe ilipofika. Barua aliyoiona nzito siku ya kwanza sasa aliiona nzito zaidi, maana ndani yake kulikuwa na uongo pia.

Kumbe bibi alikuwa ameanza kumsubiri mwanawe. Kila alasiri aliketi juu ya jiwe kando ya barabara, bangili zake za shaba mikononi, uso ameuelekeza kwenye vumbi. Zita alipotoka shule alilazimika kupita hapo.

"Mjukuu wangu, yule anayekuja ni nani?"

"Ni mtu wa baiskeli, bibi. Siyo yeye."

"Na yule mwingine?"

"Ni mwanamke ana kuni."

"Haya. Labda kesho."

Zita alifika nyumbani akashindwa kula.

Jumamosi ya tatu asubuhi aliamka, akaanza kufagia, kisha akauacha ufagio palepale. Alichukua daftari na penseli akaenda nyumbani kwa bibi.

"Bibi, usiende barabarani leo. Gidahosh haji. Barua sikuiandika."

Ndama alilia zizini, lakini bibi hakugeuka.

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana, bibi."

"Kuna mtu alikukataza?"

"Hakuna."

"Siku zote hizo," bibi alisema polepole, "nimekaa juani namsubiri mtu ambaye hakuitwa."

Zita alilia. Alilia hasa, mpaka kamasi. Bibi alimwacha amalize.

"Sasa niambie. Kazi hukimbii, nakuona kila siku. Hii uliikimbia kwa nini?"

"Niliogopa, bibi. Kila mtu anasema mimi ndiye najua kuandika. Nikianza naona haifai, naichana. Halafu nasema kesho. Na nilipokudanganya, nikaogopa zaidi."

Bibi alivuta pumzi. Hasira ilikuwapo usoni, lakini ilianza kulegea.

"Nilipokuwa msichana kama wewe, baba yangu alikuwa na ng'ombe mweusi, mkali. Niliambiwa nimkamue. Nilizunguka zizi, nikaokota kuni, nikaosha vibuyu vyote, hata vilivyokuwa safi. Mama akanishika mkono akaniambia, kamua chuchu moja tu, kisha ukitaka ukimbie. Nilikamua moja. Ng'ombe alikuwa ametulia, nikakamua zote. Haya, kaa chini. Mimi nasema, wewe andika. Neno moja kwanza."

"Gidahosh," Zita aliandika.

"Mimi mama yako ni mzima."

"Niongeze 'natumaini hujambo,' bibi?"

"Natumaini ya nini? Akija nitamuuliza mwenyewe. Andika: macho yanapungua. Njoo nikuone kabla hayajakwisha. Ndama wako mwekundu amekua. Basi."

Ilikuwa mistari minne. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha uji.

Zita alikimbia mpaka dukani. Lori lilikuwa limeshawashwa na vibarua wameshapanda.

"Gidahosh wa kombaini?" Alfredi aliuliza akipokea barua dirishani. "Una bahati. Wiki ijayo tunamaliza kuvuna, naye anahamishiwa shamba lingine mbali sana."

Jumatano alasiri, kijana mrefu alishuka barabarani akiwa na mfuko begani. Zita na mama yake walikuwa kwa bibi, wakipukuchua mahindi. Bibi alisikia sauti akasimama mlangoni.

"Simama hapo kwenye jua, mwanangu. Nikuone."

Gidahosh alisimama.

"Sogea."

Alisogea hatua tatu.

"Sogea tena. Tena."

Alisogea mpaka angeweza kumgusa. "Hapo," bibi alisema, akamshika mashavu. "Sasa nakuona. Umenenepa!"

Watu walicheka, ila Zita alikuwa amezihesabu zile hatua. Alijiuliza Jumamosi ya kwanza zingekuwa ngapi.

Gidahosh aliyaangalia macho ya mama yake kwa muda mrefu. "Mama, kuna daktari wa macho katika hospitali ya misheni. Kesho twende."

Bibi aliugeuza uso wake haraka. "Tutaona. Mvua zikiisha."

"Mvua?" Kornelia alishangaa. "Mama, mvua hazijaanza!"

"Basi zikianza."

Kisha Zita akauliza kwa sauti ndogo, "Bibi, unaogopa?"

"Naogopa kisu cha daktari," bibi alisema. "Miaka miwili sasa nasema nitakwenda."

Kornelia aliweka gunzi chini. Aliongea kwa heshima, akimtazama bibi, ingawa Zita alijua na yeye anaambiwa.

"Mama, nisamehe. Kesho tunaiona nyepesi kwa kuwa bado hatujaibeba. Ikifika inakuwa na uzito uleule, na mara nyingi umeongezeka. Anayeahirisha si lazima awe mvivu. Mara nyingi ana hofu, na hofu haioni aibu kukaa nawe mwaka mzima. Dawa yake ni kumwambia mtu kwamba unaogopa, kisha kuanza kidogo ukiwa na hofu yako hivyohivyo."

Kesho yake walikwenda. Daktari alizirekebisha kope zilizokuwa zikimkwaruza bibi machoni. Alisema nuru iliyokwisha kupotea haitarudi, lakini iliyobaki itabaki, na kwamba kama wangengoja mvua ziishe asingekuta kitu cha kuokoa.

Bibi aliporudi, Zita alikwenda kumwamkia. Alisimama mbali, haya zimemjaa.

"Bibi, zile wiki mbili nilizokupotezea..."

"Wewe wiki mbili, mimi miaka miwili," bibi alisema. "Mwenye kumcheka mwenzake hapa ni nani? Ila wiki zako zilikuwa macho yangu, mjukuu wangu. Kila utakaposema kesho, kwanza angalia ni nani amekaa anasubiri."