Sheria Iliyovuka Mto

Ilikuwa mwaka wa 1850, na Jumatatu ilikuwa siku ya kufua. Keziah alikuwa uani akichemsha maji. Mumewe, Elam, alikuwa bandani akiunga mbao za mapipa. Miaka tisa nyuma, Elam alikuwa mtumwa Kentucky, jimbo la kusini mwa Marekani. Alitoroka, akavuka mto, akafika Ohio, jimbo la kaskazini ambako hakukuwa na utumwa. Hapo alioa, wakapata binti, Dinah.

Asubuhi hiyo alikuja Mwalimu Prudence, aliyemfundisha Keziah kusoma. Alikuwa ameshika gazeti.

"Mama Dinah, mwite mumeo. Kuna sheria mpya."

Elam alikuja akipangusa mikono.

"Bwana wako wa zamani sasa anaweza kukufuata hapa hapa," Mwalimu alisema. "Utapelekwa mbele ya ofisa, na hutaruhusiwa kusema neno."

"Hata kujitetea?"

"Hata kidogo. Na askari akimwamuru jirani asaidie kukukamata, ni lazima aende. Akikuficha, anafungwa."

"Kwa nini watu wa kaskazini walikubali?" Keziah aliuliza.

"Majimbo ya kusini yalitishia kujitenga. Wakubwa walidhani wakiyapa hili, nchi itapata amani."

"Amani ya nani, Mwalimu?"

Mwalimu alikunja gazeti taratibu. "Nendeni Kanada. Huko sheria hii haifiki."

"Nyumba hii nimeijenga mwenyewe," Elam alisema. "Siondoki."

Keziah hakubishana naye. Lakini alifunga nguo za Dinah kwenye shuka, akaziweka karibu na mlango.

Alhamisi mchana, gari la farasi lilisimama nje. Alikuwa Asahel Drury, mkulima mzungu wa shamba la jirani. Drury hakupenda habari za utumwa. Kila mara alisema, "Hayo ni ya watu wa kusini. Mimi nalima mahindi yangu."

Leo uso wake ulikuwa umesawijika.

"Elam, askari yuko dukani na mtu wa Kentucky. Wameniamuru niende nao kukukamata. Nimewaambia nafuata farasi."

"Na sasa?" Keziah aliuliza.

"Farasi ndio hawa, mama. Pandeni."

Elam aliitazama nyumba yake. Kisha alimbeba Dinah, akapanda.

Drury aliwafikisha ziwani, wakapanda meli. Ng'ambo ya ziwa, Kanada, Elam alifungua banda jipya la mapipa. Dinah alisoma shule. Hakuna aliyekuja kuwadai.

Drury alifungwa miezi sita. Alipotoka, mtu yule aliyezoea kulima na kunyamaza alianza kusimama kwenye mikutano. "Serikali ilitaka kunifanya mbwa wa kuwinda watu," alisema. Wengi walimsikiliza. Kusini nako hasira zilipanda: sheria wamepewa, lakini watumwa hawarudishwi. Kila mwaka pande hizo mbili zilizidi kuchukiana.

Mwaka wa 1861, barua ya Mwalimu Prudence ilifika. Keziah aliisoma kwa sauti, bila kukwama.

"Majimbo ya kusini yamejitenga. Vita vimeanza. Drury amewasindikiza wanawe wawili jeshini, Silas na Jotham. Amani ile ya wakubwa haikudumu hata miaka kumi na moja."

Elam aliweka chini nyundo.

"Nisomee tena," alisema, "majina ya wale vijana."