Jumatatu ya Mchezaji

Boaz Odhiambo aliishi Thika na mkewe Selpha na binti yao Aketch, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha magunia. Boaz hakuajiriwa kushona magunia. Aliajiriwa kwa sababu ya miguu yake. Alikuwa winga wa timu ya kiwanda. Wiki nzima alifanya mazoezi, Jumapili alicheza mechi, na Jumatatu kiwanda kilimpa mapumziko. Hata nyumba yake ilikuwa ya mchezaji. Akiacha kucheza, angehama.

Kila Jumatatu king'ora kilipolia, wafanyakazi walipita mbele ya mlango wake wakienda zamu. Boaz alikuwa akinywa chai. Wamalwa, mpakiaji wa ghalani, hakukosa neno.

"Omera, ndugu yangu, usisimame. Utachoka."

"Mwache," mwenzake alisema. "Hata chai ananyweshwa na mke."

Walicheka, wakaenda zao. Boaz aliona haya. Kwao Nyanza, mwanamume anayekaa nyumbani siku ya kazi ni mgonjwa au mvivu.

Jumatatu iliyofuata alimwambia Selpha kwamba anakwenda Ruiru kumwona binamu yake. Hakwenda Ruiru. Alikwenda ghalani, akabeba marobota ya magunia pamoja na Wamalwa mpaka jioni. Hakuna aliyemtuma. Alitaka tu waone jasho lake. Baada ya hapo akawa anakwenda kila Jumatatu.

"Ulipumzika?" Simeon, mwalimu wa timu, alimuuliza.

"Nilipumzika vizuri, mwalimu."

Baadaye mguu wa kulia ulianza kumuuma, juu ya wayo. Boaz aliufunga kitambaa ndani ya kiatu.

"Baba Aketch, mguu una nini?" Selpha aliuliza.

"Kiatu kipya kinabana."

"Kiatu hicho nilikipaka mafuta mwaka jana."

Boaz aliinama, akakaza kamba za kiatu.

Siku ya nusu fainali walicheza Ruiru, na timu ya shamba la kahawa. Kipindi cha pili Boaz aliukimbilia mpira, na mguu ukakataa kumbeba. Miaka ile hapakuwa na ruhusa ya kuingiza mchezaji mwingine. Alibaki pembeni akichechemea. Beki wa Ruiru alimtazama, kisha akamwacha, akapanda mbele kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumkaba. Bao la Ruiru lilipitia upande huo.

Walirudi kwa lori la kiwanda. Walikuwa wamefungwa, na baadhi walimlaumu Boaz. Wamalwa, aliyekuja kushangilia, alitaka kumtetea rafiki yake.

"Msimlaumu," alisema. "Huyu hana uvivu. Kila Jumatatu tunabeba marobota naye mpaka jioni."

Simeon aligeuka taratibu. "Marobota?"

Boaz aliinama, akatazama sakafu ya lori. Simeon hakumgombeza. Aliangalia barabara mpaka Thika. Boaz angependa agombezwe.

Kesho yake Selpha alimpeleka zahanati. Dresa, mganga msaidizi, aliitwa Gachanja. Wakati wa vita kuu alikuwa akihudumia askari. Alibonyeza mguu kwa ncha ya kidole, na Boaz akaruka.

"Uligonga jiwe?"

"Hapana."

"Basi mfupa umepata ufa kwa kuchoka. Niliona ufa huu kwa askari wapya waliotembea na mizigo kila siku bila kupumzishwa."

"Mimi nilidhani kazi inaongeza nguvu."

"Inaongeza, lakini si wakati unapoifanya. Mazoezi humegua mwili kidogo. Ukipumzika, ukala na kulala, mwili hujenga palipomeguka, na pakawa imara zaidi. Ukirudi mzigoni kabla haujamaliza, unamegua palepale."

"Kwa hiyo wachezaji hawapewi Jumatatu bure?" Selpha aliuliza.

"Ni sehemu ya kazi yao, mama. Na sasa asikimbie mpaka nibonyeze hapa asisikie maumivu. Kisha aanze kwa kutembea. Akilazimisha, mfupa utakatika kabisa, na hapo asahau uwanja."

Boaz aliifikiria nyumba. Nje ya zahanati, Selpha alisema, "Na yule binamu wa Ruiru, hajambo?"

Boaz alikiri kwamba hakuwahi kwenda kwake.

Jioni alikwenda kwa Simeon, akamweleza yote.

"Nyumba utabaki nayo mpaka msimu ujao," Simeon alisema. "Ukinidanganya tena, sitakutetea."

Jumatatu iliyofuata Selpha alitoa kigoda, akakiweka nje ya mlango.

"Kaa hapa," alisema. "Usijifiche. Ukijificha watasema umelala."

King'ora kililia. Wamalwa alifika, akasimama.

"Omera, leo huji?"

"Siji. Hii ndiyo kazi yangu ya Jumatatu. Nilipoiacha, tulifungwa Ruiru."

Wamalwa alitazama mguu uliofungwa bandeji. "Ningejua unauma, ningekufukuza ghalani," alisema. Aliwafuata wenzake bila mzaha.

Mguu ulipona. Msimu uliofuata Boaz alicheza mpaka mwisho, na walipokwenda tena Ruiru, bao la Thika lilitoka upande wake. Asubuhi yake ilikuwa Jumatatu. Selpha alitoa kigoda, Boaz akakaa na chai yake. Wafanyakazi walipopita, haya ilimshika kama zamani.

Hakuinuka.