Mkono wa Bwana Tessereau

Jioni ile nilikuwa nakwenda kumalizia mkono tu. Mkono wa kuume, halafu kazi imekwisha.

Hapa Paris, chama cha wachoraji wa mfalme hakikupokei hivi hivi. Lazima kwanza umchore mmoja wa wazee wao, ameketi mbele yako, na mkono wake wa kazi uonekane. Mimi nilipangiwa Aubin Tessereau, yule aliyezoea kunicheka mbele za watu: "Josselin? Vidole anavyochora ni soseji." Nilimeza, lakini iliniuma, sitaficha.

Nilipomaliza masikio yake, akawa hasikii. Nilipomaliza miguu, hakuinuka tena kitini. Nikasema ni uzee. Moyoni nilijua.

Chumba kilinuka mafuta ya kitani ya kuchanganyia rangi, na chini yake harufu nyingine... ya nyama iliyoanza kuoza.

"Josselin, mwanangu," alinong'ona. "Ufunike kwa joho. Niachie mkono huu tu."

Mikunjo miwili ya joho ingetosha. Lakini chama kingenikataa.

"Tulia, mzee," nikamwambia, ingawa hasikii. "Soseji zinakuja."

Nikachora kidole kimoja. Cha pili. Cha tatu...

Brashi aliyokuwa ameishika mzee ikamdondoka.

Ta.

Sijapata kuchora mkono mzuri vile. Walinipokea kwa makofi, na Tessereau tukamzika kabla theluji haijayeyuka.

Miaka kumi na miwili imepita. Mwezi jana chama kikampangia mchoraji anayeomba kupokelewa, Fulgence Mardet, anichore mimi, niliye mzee wa chama sasa. Mdomo uliponza kichwa: kisa cha Tessereau nilimsimulia mwenyewe, kwenye divai, nikicheka mpaka machozi. Na mara ngapi nimemwita fundi wa kupaka milango.

Siku ya kwanza nilitaka kumwomba. Akatikisa kichwa.

"Usijisumbue, Bwana Josselin," akasema taratibu. "Mimi naanza na mdomo."

Miguu aliimaliza Jumanne. Sasa silali wala siendi popote. Naketi na kuandika, maana mkono ameuacha mwisho. Turubai ninaiona kutoka hapa. Mdomo wangu uko pale, unacheka.

Leo alipoingia nimempa karatasi: *Ufunike kwa joho.*

Ameisoma mara mbili. Ameikunja vizuri, akaitia mfukoni, na sasa anasaga rangi.