Nyuki Mmoja kwa Ajili ya Dorothée

Sokoni Mudzipela, mjini Bunia, Rodrigue aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akamwaga beseni la nyanya za watu. Kisa? Nyuki mmoja katika asali aliyouza Dorothée!

"Weye mwanaume muzima, unakimbia nyuki moja?" Dorothée alicheka mpaka kilemba chake cha manjano kikamwangukia begani.

"Nakimbia nyuki, sikimbie mwenye nyuki," akajibu huku akiokota nyanya. Basi tena! Mwezi haukuisha, wakawa chanda na pete.

Lakini mzee Nicolas, babake Dorothée na mfuga nyuki, alikuwa na sharti lake: mkwe aje kwanza warine asali pamoja, ndipo mahari izungumzwe. Siku ikafika, Rodrigue hakuonekana. Mara vita vikaingia Bunia, watu wakatawanyika, na Dorothée akabaki na hasira. Amenidharau, alijiambia.

Miezi ikapita. Siku moja akaitwa kwenye foni, ile redio ya kuongelea na watu wa mbali, ambayo foleni nzima inasikiliza, na ukimaliza unasema À vous, yaani zamu yako. Rodrigue yuko Nia-Nia, mbali msituni, hai!

"Chérie, mi nakupenda. À vous."

"Muongo! Ulikimbia baba yangu. À vous."

"Hapana. Mbele ya siku ile ya asali, docteur wa Kampala alipima damu yangu, akasema sumu ya nyuki itaniua. Nilisikia haya kukuambia."

Dorothée, aliyesomea biolojia kabla vita havijafunga chuo, alishtuka. "Nyuki ilishakuuma?"

"Kwa kijiji, mara mingi. Nilivimba kidogo tu."

"Na mahindi ikitoa maua, unapigaka chafya?"

"Kila mwaka!"

"Ee Mungu! Sikiliza. Ndani ya nyuki kuko enzimu zenye kushona munyororo wa sukari juu ya protini ya sumu. Unga wa maua nao uko na munyororo kama ule. Pengine damu yako inagombana na sukari ile isiyoua, si na sumu, na kipimo kikadanganyika! Lakini usijaribu peke yako. Kuja, tutajaribu mbele ya docteur."

"Kuja, kijana!" foleni ikapiga kelele.

Bunduki ziliponyamaza mjini, Rodrigue akaja. Hospitalini, Docteur Honorine alishika sindano ya kumwokoa akizidiwa. Mzee Nicolas akafungua kibiriti chenye nyuki mmoja. Dorothée akamshika Rodrigue mkono mmoja. Akikosea, atamuua mpenzi wake kwa elimu yake mwenyewe!

Nyuki akamuuma Rodrigue mkono wa pili. Wakangoja, wakangoja. Mkono ukavimba kama punje ya haragwe, ukaishia hapo.

Dorothée akamrukia shingoni, akilia na kucheka.

"Baba," Rodrigue akauliza, "hakuna ingine?"

Mzee akafunga kibiriti. "Iko muzinga muzima, mukwe. Kesho asubui."