Maboksi na Kava la Jinzi

Hii ninayotaka kukusimulia huwezi kuiamini, na mimi mwenyewe nilipoambiwa niliuliza mara mbili. Fikiria simu ambayo ikiwa mezani kwa fundi inazungumza vizuri kabisa, ikirudishwa nyumbani inakuwa bubu. Inapelekwa tena kwa fundi, inazungumza. Inarudi nyumbani, bubu. Si mzimu, si uchawi, wala simu haikuwa na kinyongo na mtu. Tulia tu, twende taratibu, maana sababu yake ilitoka kwenye mikono ya msichana wa darasa la sita, tena msichana mzuri asiye na makuu.

Mtaa mzima unamwita Maboksi. Akitoka shule, kabla hajafika nyumbani, lazima apite nyuma ya maduka kuchagua maboksi matupu. Anayagonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Akisharidhika anapita kwa Bisibisi, fundi simu mwenye meza chini ya mwavuli mpana, ambaye humwekea vipande vya sponji vinavyokuja na vipuri. Bisibisi humwita injinia. Humwambia, "Mzigo wako huo, injinia, usije ukasema nakunyima malighafi," kisha anarudi kuinamia simu za watu.

Nyumbani anaishi na bibi yake, fundi cherehani, pamoja na Mjomba, kinyozi, mtoto wa mwisho wa Bibi. Bibi ana macho makali yanayoona uzi ulioruka kutoka upande wa pili wa chumba. Masikio ndiyo yaliyoamua kustaafu kabla yake. Kwa hiyo Bibi husoma midomo. Ukitaka kuzungumza naye unakaa mbele yake, unainua uso, unasema kwa midomo iliyo wazi. Ukinung'unika huku unaangalia sakafu, kwake hujasema kitu. Mjomba hutania kwamba ile ndiyo nyumba pekee duniani ambayo huwezi kumsengenya mtu ukiwa unamtazama.

Sasa, kitu ambacho Bibi alikipenda kuliko hata kupata mteja ni simu ya video ya kila Jumamosi. Dada yake, ambaye wote humwita Bibi Mdogo, anaishi mbali sana, na miguu yake haimruhusu tena kusafiri. Bibi Mdogo anasikia vizuri, Bibi anasoma midomo, basi wanaelewana. Wanacheka mambo ya utoto wao mpaka Bibi anajifuta machozi kwa kitambaa cha mteja. Tatizo lilikuwa pa kuiweka simu. Waliiegemeza kwenye kopo la sukari. Jumamosi moja ikateleza, ikaanguka kifudifudi, kioo kikapasuka vipande. Bisibisi akaweka kioo kipya, na Maboksi akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo simu ya Bibi haitaegemea tena kopo.

Akaanza na stendi. Kama na wewe unataka kutengeneza, sikiliza anavyofanya. Chukua boksi gumu, angalia ile mistari ya ndani imeelekea wapi, kisha kata ili mistari isimame wima. Ikilala, stendi itakunjika kiuno kama mzee aliyebeba gunia. Kunja boksi umbo la paa la nyumba, acha ukingo mdogo mbele wa kuzuia simu, kisha chini bandika vipande vya kandambili iliyokatika ili isiteleze. Maboksi alimaliza hiyo kabla chai haijapoa.

Kava ndilo lililomchosha. Alipima simu kwa karatasi, akaongeza unene wake, akaongeza na nafasi ya mshono, kama Bibi alivyomfundisha. Mgongo ulikuwa wa boksi lililofunikwa kwa jinzi kuukuu ya Mjomba, ndani akaweka sponji ya Bisibisi na kitambaa laini kisichokwaruza. Kwenye kona akashona lastiki za kushikilia. Ila ukingo wa chini ulimtoka vibaya, mshono umekwenda upogo kama njia ya mbuzi. Akatafuta mkanda mwekundu wa mkoba wa zamani, mzito, akaushona kwenye ukingo huo wa chini, kutoka kona moja hadi nyingine, aibu yote ikafichika. Mtu akitaka kuchaji, atachomoa simu kwenye kava, basi.

Aisee, lilikuwa kava zuri. Bibi aliligeuza na kuligeuza, akamwambia mjukuu wake kwamba sasa ana mpinzani wa biashara humu humu ndani. Majirani wakaja kulishika. Hata Mwalimu wake wa sayansi, aliyefika kuchukua suruali yake, alimwagiza Maboksi atengeneze kava na stendi kama hizo kwa ajili ya tableti ya shule, zionyeshwe siku ya wazazi. Maboksi usiku huo alilala kitandani lakini moyo wake ulikuwa juu ya dari.

Jumamosi ikafika. Simu ikasimama kwenye stendi, imenyooka kama askari wa gwaride. Bibi Mdogo akatokea kwenye kioo. Bibi akaanza kusalimia, mwenzake akaanza kupunga mkono na kugusa sikio. Bibi akasoma midomo yake: sikusikii, dada, sikusikii kabisa. Bibi akacheka sana. Akamgeukia Maboksi akasema, "Umeona? Na huyu naye masikio yamemtoka. Ukoo wetu ndivyo ulivyo."

Lakini walijaribu tena, na tena, na kicheko kikaisha. Bibi Mdogo alikuwa na jambo zito: keshokutwa yake angeingia hospitali kupasuliwa jicho, na alitaka kusikia sauti ya dada yake kwanza. Bibi alimsoma akisema hivyo. Akamjibu kwa maneno yote ya upendo aliyokuwa nayo, na upande wa pili hakikufika kitu. Simu ilipokatika alibaki ameitazama, mikono mapajani. Maboksi hakuwahi kumwona Bibi amekaa bila kushona.

Mjomba alijaribu kuipigia simu hiyo kutoka kwenye yake, akasema ni kama kumsikiliza mtu aliyefungiwa ndani ya gunia la mchele. Hapo hapo akapata mshitakiwa. Nani aliifungua simu juzijuzi? Bisibisi. Basi kachomoa maiki nzima, kaweka mbovu. Jumapili asubuhi alichomoa simu kwenye kava, kama unavyomvua mgonjwa shati kabla daktari hajampima, akalitia kava mfukoni na kwenda kwa Bisibisi. Fundi akaijaribu, simu ikazungumza safi. Mjomba akarudi nyumbani kwa furaha, akaivisha kava lake. Bubu.

Mwenzangu, hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mjomba alitoka mbio na wembe wake wa kinyozi akiwa bado kausahau mkononi, Bibi akamwita auweke chini kwanza. Maboksi alimfuata nyuma. Mezani kwa fundi palikuwa na wateja, na kati yao Mwalimu wa sayansi, aliyeleta ile tableti ya shule itengenezwe tundu la chaji. Mjomba alivua kava, akalitia mfukoni, akaisukuma simu mezani, akasema mbele ya wote kwamba fundi huyu anawafanya watu wajinga, anaweka vipuri vinavyofanya kazi dakika mbili mradi mteja aondoke.

Bisibisi akaishika, akarekodi sauti, akairudia. Ilisikika vizuri. "Kaka, sasa hapa ubovu uko wapi?" akauliza kwa upole. Mjomba akajibu kwamba ndiyo huo huo ujanja anaousema. Mwanamke mmoja akainua simu yake mezani kimya kimya. Mwalimu naye akakohoa, akasema ataileta tableti siku nyingine, akaichukua na kuondoka.

Maboksi alikuwa amesimama pembeni. Aliitazama simu, uchi, ikizungumza mkononi mwa fundi. Akalitazama kava lake likiwa limechungulia kwenye mfuko wa Mjomba, na ule mkanda mwekundu unang'aa. Chini ya simu, karibu na tundu la chaji, kuna kitundu kidogo kama cha sindano. Sauti huingilia hapo. Alijua. Na alikuwa na nafasi ya kusema pale pale, watu wote wakiwa bado wapo. Lakini alimwona Mwalimu anakwenda na tableti, akawaza kava la siku ya wazazi, ulimi ukawa mzito. Bisibisi alipomnyooshea kipande cha sponji kama kawaida yake, alikipokea bila kumtazama machoni.

Nyumbani alisubiri Mjomba aende kinyozini. Akachukua mkasi wa Bibi, akatoboa mkanda mwekundu katikati. Akarekodi sauti, akasikiliza. Safi kabisa. Akajiambia yamekwisha, simu imepona, Bibi atazungumza na dada yake leo hii kabla ya hospitali, na hakuna atakayeuliza imeponaje. Na kweli Mjomba aliporudi na kukuta imepona, alifurahi. Akasema, umeona, yule fundi ukimkaripia anafanya kazi. Tena atawaambia wateja wake wote kinyozini wasimpelekee kitu.

Walikuwa wanakula. Maboksi akasema, huku anaitazama sahani, kwamba labda fundi hakuwa na kosa. Mjomba hakumsikia, alikuwa anakunywa maji. Bibi aliona midomo imecheza tu. Alikuwa amelishika lile kava, kidole chake kinapapasa ukingo wa tundu jipya.

"Nani amekata kitambaa bila kupinda?" akauliza. "Uzi wote utafumuka huu."

Maboksi akajibu chini chini. Bibi akalisogeza kava pembeni, akaushika uso wa mjukuu wake kwa viganja viwili na kuuinua.

"Inua uso, mke mwenzangu. Sikusikii."

Sasa niambie, utafanyaje? Katika nyumba nyingine mtoto anaweza kukiri kosa huku ameangalia vidole vya miguu, maneno yakamtoka kama moshi. Kwa Bibi haiwezekani. Maboksi alilazimika kusema neno moja baada ya jingine, midomo wazi, macho kwa macho: mimi niliziba maiki, Bibi. Nilishona mkanda ili kuficha mshono mbaya. Nilijua leo pale kwa fundi, nikanyamaza. Mjomba aliyekuwa anasikia kila kitu aliweka bilauri mezani taratibu kama vile imejaa mayai.

Bibi hakugomba. Alivaa viatu.

Walikwenda wote watatu. Pale mezani Bisibisi alikuwa peke yake, anafuta vumbi kwenye bisibisi ambazo hazikuwa na vumbi. Maboksi alianza kuzungumza na meza, kisha akajikumbuka, akainua uso. Alimweleza yote. Akawageukia na wauza duka wa jirani waliosikia ugomvi wa mchana, akawaambia wao pia kwamba fundi hakuharibu kitu. Mjomba akaomba radhi, akajikuna kisogo, akasema kesho fundi aje anyolewe, na kwamba yeye mwenyewe atawaeleza wateja wake ukweli.

Bisibisi akalichukua kava, akalichungulia lile tundu, akasema kwamba kwa kweli lilimuuma, hasa kwa vile aliyekuwa anajua ni injinia wake. Halafu akamwambia Mjomba kwamba kunyolewa atakuja, ila asiushike wembe akiwa na hasira. Hapo ndipo wote walipocheka.

Wakaenda na kwa Mwalimu, jirani tu na shule. Mwalimu alisikiliza, akakiri kwamba hata yeye aliondoka haraka bila kuuliza. Alisema tableti itarudi kwa Bisibisi asubuhi, na kava bado analitaka, lakini siku ya wazazi Maboksi aonyeshe makava mawili: linaloziba maiki na lisiloziba, aeleze tofauti.

Jioni ile Bibi Mdogo alipigiwa. Simu ikasimama kwenye stendi, na safari hii alisikia kila neno. Sitakwambia waliyoongea, hayo ni ya dada wawili. Najua tu kwamba Bibi Mdogo alicheka mpaka naye akajifuta machozi, na kwamba jicho lilipasuliwa vizuri.

Baadaye Bibi alimkalisha Maboksi kwenye cherehani, akampa sindano apinde lile tundu. Alimwambia, "Mjukuu wangu, kushona vibaya si aibu. Mimi nimefumua nguo nyingi kuliko nilizoshona. Nguo ikikosewa inafumuliwa, inashonwa upya, maisha yanaendelea. Aibu ni kumvalisha mwenzako kosa lako, atembee nalo mtaani watu wakimcheka. Na ukweli ukiuchelewesha, haubaki ulivyokuwa. Mchana ungefumua uzi mmoja. Jioni tumefumua shati zima."

Maboksi aliitikia kwa kichwa, kisha akainua uso na kusema nimeelewa, Bibi. Tundu alilipinda vizuri sana.

Haya, na wewe uliyesoma mpaka hapa. Umesimama pale kwa fundi, watu wanaondoka na simu zao, tableti inakwenda, wewe peke yako ndiye unayejua. Ungesema pale pale, au ungesubiri mpaka mtu akuinue uso?