Suruali Mbichi ya Kupimia

Saa moja asubuhi Inspekta Nuh alisimama chini ya boriti ya kituo cha lishe cha Hadado, akitazama kulabu tupu. Mizani ya kupimia watoto ilikuwa imeibwa.

"Afande, unga iko, maziwa iko, mafuta iko," alisema Yarow, mlinzi. "Mizani tu ndio hakuna. Nilienda swala ya alfajiri, nikarudi, hakuna."

Nuh alikuwa Hadado tangu juzi kwa kesi ya wizi wa ngamia, na wizi huu ulimkera kuliko ule. Ukame wa 1992 umemaliza mifugo, watu wanakufa njaa, halafu mtu anaruka magunia ya unga na kubeba chuma kisicholika!

Nje ya ua wa miiba aliketi Barwaqo, aliyetembea siku tatu na mwanawe mgongoni. Mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia.

"Mpeni maziwa," Nuh alimwambia mkuu wa kituo, mchungaji wa kanisa kutoka Machakos aliyeletwa na shirika la Kikristo.

"Siwezi kabla ya kumpima. Maziwa ya tiba hutolewa kulingana na kilo za mtoto. Ukizidisha, moyo unasimama. Nimeshazika mmoja hivyo, Inspekta." Macho yalimwiva kwa kukosa usingizi. "Mizani nyingine iko Wajir. Gari litarudi kesho."

Kesho ilikuwa mbali mno.

Nuh alizunguka ua. Juu ya miiba ilianikwa suruali ndogo ya turubai, ile anayovishwa mtoto ili aning'inizwe kwenye mizani. Aliigusa. Ilikuwa mbichi, inanukia sabuni.

"Nani huifua hii?"

"Mimi," alisema Abshiro, mpimaji.

"Lini?"

"Jana jioni, baada ya kazi."

"Jana jioni maji yalituishia, mapipa yakajazwa usiku," mchungaji alidakia.

"Na leo umefika saa ngapi, Abshiro?"

"Sasa hivi. Yarow ameniona."

"Upepo wa hapa hukausha blanketi nzima usiku mmoja. Hii bado inadondosha maji."

Abshiro alinyoosha mkono kuianua.

"Uliingia Yarow akiwa msikitini. Ulipoiondoa mizani ukaikuta suruali chafu, mkono ukafanya ulichozoea. Mwizi gani anafua?"

"Wallahi, mimi si mwizi!"

"Basi njoo umweleze mama huyu kwa nini mwanawe hanywi."

Abshiro alimtazama mtoto. "Iko jikoni, ndani ya gunia la makaa," alisema.

Yarow alikwenda mbio. Abshiro mwenyewe aliitundika mizani, akamvisha mtoto suruali ile ile mbichi.

"Kilo nne na robo," alisema.

Mchungaji alikoroga maziwa. Kijiko cha kwanza mtoto alimeza. Cha pili kilimtoka mdomoni. Barwaqo akamfuta, akajaribu tena.

"Kwa nini, abaayo?" Nuh alimuuliza Abshiro kwa upole, kama anayemuuliza dada yake.

"Leo Jumatatu. Kila Jumatatu anayefika uzito anatolewa kituoni. Leo wangetolewa kumi na tisa, na huko kwao hakuna hata mbuzi mmoja. Mtoto wa dada yangu nilimpima mimi, nikaandika amepona. Siku kumi na moja tu, tukamzika." Alilia waziwazi. "Nikasema, bila mizani hakuna atakayetolewa."

"Na wanaokuja?"

"Niliwafikiria walio ndani tu, afande. Wa nje sikuwafikiria."

Nuh alifungua daftari kuandika maelezo ya Abshiro. Nyuma yao Barwaqo alikuwa bado ameshika kijiko, akingoja mwanawe ameze.